Waliosukuma Gari Kwenye Theluji: Siku Gemu ya Mtu Mmoja Ilipokutana na Gemu ya Watu Wengi

Theluji ilianguka ghafla. Barabara ilikuwa inapanda kilima, magari yamepanga foleni, na kila dereva alikuwa anawaza kitu kimoja tu: kufika nyumbani. Mara gari moja likasimama, likaanza kuteleza. La nyuma yake nalo likakwama. Ikaonekana kama safari imeishia pale.

Ndipo dereva mmoja akafanya kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Akasogea mpaka gari lake likagusa la mbele, akaanza kulisukuma. Likapanda. Wa nyuma yake naye akafanya hivyohivyo. Hakuna salamu, hakuna kuulizana majina, foleni ikawa inasukumana kupanda kilima.

Kwenye foleni ile alikuwemo jamaa mmoja Mjapani anayetengeneza gemu za video. Zamu yake ilipofika, akasukumwa na watu asiowajua, akavuka. Alitamani kusimama awashukuru, lakini angesimama tu angekwama tena. Akakanyaga mafuta, akaenda zake. Njiani akawa anawaza mambo mawili: kwamba wale watu huenda hatakutana nao tena maishani, na kwamba yule wa mwisho kwenye foleni, ambaye hakuwa na mtu wa kumsukuma, je, alifika kwake?

Stori hiyo aliisimulia mwenyewe kwenye mahojiano, baada ya gemu yake kuanza kuvuma nje ya Japani. Leo jina lake linajulikana na karibu kila mpenda gemu duniani. Lakini hii stori si yake. Ni ya wale waliokuwa nyuma yake, wasio na majina. Maana kutokana na wao likapatikana jibu la swali lililowasumbua watengeneza gemu kwa miaka mingi: unawezaje kumfanya mtu acheze peke yake na acheze na wenzake, kwa wakati mmoja, ndani ya gemu moja?

Nyumba moja, milango miwili

Kiukweli, gemu za video zilianza na watu wawili. Pong ya mwaka 1972 ilikuwa na vifimbo viwili na kimpira kimoja. Kama huna mtu wa kusimama upande wa pili, huna gemu. Kompyuta ya wakati ule haikuwa na akili ya kushindana na wewe.

Miaka sita baadaye ikaja Space Invaders, nayo ikakuweka peke yako mbele ya jeshi la viumbe wanaoshuka kutoka juu. Mwenzako hakuondoka kabisa, lakini alibaki kuwa namba. Pale juu ya skrini palikuwa na alama za juu kuliko zote tangu mashine iwashwe. Hakuna jina, hakuna sura. Kuna mtu tu alipita hapa kabla yako na amekuzidi. Unatia sarafu nyingine, unamfukuza mzimu.

Desemba 1993 ikatoka Doom. Hapo ndipo milango miwili ilipojengwa rasmi. Mlango wa kwanza: unapita peke yako kwenye korido zenye majini, unapiga risasi mpaka mwisho. Mlango wa pili: mnaunganisha kompyuta, mpaka watu wanne, mnasakana wenyewe kwa wenyewe. Watu walinogewa na mlango wa pili kiasi kwamba baadhi ya ofisi na vyuo vya Marekani vikaanza kuipiga marufuku, kwa sababu mtandao wa kazi ulikuwa unaelemewa na watu wanaouana.

Kutoka hapo ikawa desturi. Unawasha gemu, menyu inakuuliza: mchezaji mmoja au wachezaji wengi? Ukichagua kimoja, kingine unakiacha. Upande wa kwanza una hadithi, unaokoa dunia. Upande wa pili hadithi haipo, mnakimbizana tu mpaka mtu afikishe idadi.

Mfano mzuri ni GoldenEye 007 ya Nintendo 64, mwaka 1997. Watu wengi wanaikumbuka kwa kitu kimoja: marafiki wanne kwenye sofa moja, skrini imegawanywa vipande vinne, na kelele za "unachungulia upande wangu!" Ajabu ni kwamba sehemu hiyo haikuwepo kwenye mipango. Gemu ilikuwa ya mtu mmoja, karibu inakamilika, ndipo mtayarishaji mmoja akakaa na kazi iliyokwisha kuandikwa na kuigeuza ichezwe na wanne. Kitu kilichochomekwa mwishoni ndicho kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu. Lakini bado ilikuwa milango miwili. Jasusi wa hadithi na jasusi wa kwenye sofa hawakuwahi kukutana.

Hata kwenye vibanda vya gemu vya mitaani kwetu sheria ni hiyohiyo. Ama mshkaji kashika pad ya pili, ama unacheza na kompyuta huku wenzako wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu.

Mizimu ya kompyuta ya chuo

Kulikuwa na watu waliolichungulia jibu mapema sana, ila dunia haikuwasikia.

Mwaka 1987 ilitoka NetHack. Haina picha za maana. Ni herufi na alama kwenye skrini nyeusi: alama ya @ ndiyo wewe, herufi nyingine ndiyo joka linalokuja kukumaliza. Unashuka shimoni peke yako, na ukifa umekufa, unaanza upya.

Lakini vyuoni watu wengi walitumia kompyuta moja kubwa kwa zamu, na NetHack ilikuwa na ujanja wake. Ukifa, mara nyingine inahifadhi ile sehemu uliyofia, pamoja na vitu vyako na mzimu wako. Siku nyingine mwanafunzi mwingine akishuka, anaweza kuingia chumba kilekile. Anakuta mali zako sakafuni, nyingi zimelaaniwa, na mzimu wako unazilinda.

Fikiria hilo. Watu wawili ambao hawajawahi kuketi pamoja wamekutana ndani ya gemu ya mtu mmoja. Mmoja amekufa, mwingine anaokota panga lake. Hakuna menyu iliyomuuliza mtu yeyote anataka kucheza na nani.

Damu sakafuni

Sasa rudi kwa jamaa wa kwenye theluji. Februari 2009 gemu yake ilitoka Japani kwenye PlayStation 3. Inaitwa Demon's Souls. Unaingia kwenye ufalme uliomezwa na ukungu, uko peke yako, na kila kitu kinataka kukuua. Hakuna hata kitufe cha kusimamisha gemu ukanywe maji.

Ila kama konsoli yako imeunganishwa na intaneti, unaanza kuona vitu. Kivuli cheupe kinapita pembeni yako, kinazungusha panga hewani, kinapotea. Huyo ni mtu wa kweli, dakika hizohizo, yuko nyumbani kwake pengine upande wa pili wa Japani, amesimama mahali palepale uliposimama wewe. Hamwezi kusemezana. Mnaonana tu kama watu wanaopishana usingizini.

Mbele kidogo unakuta doa la damu sakafuni. Ukiligusa, kivuli chekundu kinatokea na kukuonyesha sekunde za mwisho za mtu aliyefia hapo. Unamuona yeye tu, humuoni aliyemuua. Anakimbia, anageuka ghafla, anaanguka. Unabaki unajiuliza: huyu aliogopa nini pale kwenye kona?

Kisha kuna maandishi. Mchezaji anaweza kuacha ujumbe chini, lakini haruhusiwi kuandika anachotaka. Anachagua maneno yaliyokwisha kuandaliwa na kuyaunganisha. Anaonya kuna mtego, anasema mbele kuna hazina, anaomba msaada. Wapo wanaosema ukweli na wapo matapeli. Na hapa kuna ufundi: wewe ukiusifia ujumbe wa mtu, yule aliyeuandika anaongezewa uhai huko aliko. Pengine alikuwa amebakiza pumzi moja mbele ya bosi. Umemsukuma gari, na hutajua kamwe kama alivuka.

Unaweza pia kumwita mtu aje akusaidie, anakuja kama kivuli cha bluu, bosi akifa anarudi kwao. Na mwingine anaweza kuvamia dunia yako kama kivuli cheusi, amekuja kukuua. Kuna mahali, juu ya mnara, unakutana na mzee aliyejifunika kitambaa cha manjano. Unajiandaa kupambana na kompyuta. Kumbe mzee anamvuta mchezaji mwingine kutoka dunia yake na kumfanya yeye ndiye bosi. Unapigana na binadamu ukidhani ni mashine.

Hakuna sauti, hakuna kuchati. Wenye gemu walikuwa na kila nafasi ya kuweka hayo, na hawakuweka. Kama wale madereva wangeshuka kwenye magari na kuanza kubadilishana namba, foleni isingesogea.

Mwanzoni haikupokelewa vizuri. Bosi mmoja mkubwa wa Sony alijaribu toleo la awali karibu saa mbili, akajikuta bado yuko palepale mwanzoni, akaiona gemu mbovu kupita kiasi. Sony ikaacha kuitoa yenyewe Marekani, na ilipofika huko Oktoba 2009 ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine. Kilichoiokoa ni watu kuambiana. Bosi huyo baadaye alikiri hadharani kwamba walikosea.

Mgeni wa jangwani

Machi 2012 timu ndogo ya California ilitoa Journey. Hapa hakuna panga wala damu. Wewe ni kiumbe aliyejifunika joho, unatembea jangwani kuelekea mlima unaoonekana mbali. Shali yako ikijaa nguvu unaweza kuruka angani kwa muda mfupi.

Katikati ya safari anaweza kutokea mwenzako. Hujamwalika. Hana jina juu ya kichwa chake. Hamwezi kuongea, kila mmoja ana mlio mmoja tu wa kumuitia mwenzake. Ukitaka, mfuate. Hutaki, endelea zako. Akizima konsoli yake, safari yako haisimami.

Kabla haijatoka, matoleo ya majaribio yalifundisha kitu kichungu. Timu iliweka uwezo wa kusukumana, ikitegemea kwamba watu watasaidiana kuvuka vikwazo. Kilichotokea ni wachezaji kusukumana mashimoni. Hata watengenezaji wenyewe walifanya hivyo. Mkurugenzi wao alikuja kuelewa kwamba tatizo halikuwa roho mbaya. Mtu akiwekwa kwenye dunia mpya ni kama mtoto mchanga: anarudia kitendo kinacholeta mshindo mkubwa. Kumwangusha mwenzako kunaleta mshindo kuliko kumsaidia.

Basi wakaondoa kusukumana. Wakaweka kitu kingine: ukimkaribia mwenzako na kumgusa, shali zenu zinajaa nguvu. Tabia za watu zikabadilika bila mtu yeyote kuhubiriwa. Wakawa wanatembea wamegandana.

Na mwisho wa safari ni nini? Theluji. Mlima, upepo mkali, mnapanda mmekaribiana kwa sababu ukitengana na mwenzako shali inapoteza nguvu haraka. Ukimaliza, majina ya watengenezaji yanapita, na baada yake ndipo unaonyeshwa majina ya uliokutana nao njiani. Wengi hushtuka hapo. Walidhani walitembea na mtu mmoja, kumbe walikuwa kadhaa.

Muziki wa gemu hiyo uliteuliwa kuwania Grammy, mara ya kwanza kwa albamu ya muziki wa gemu ya video. Lakini kilichoandikwa sana na wachezaji ni barua za kuwatafuta na kuwashukuru watu wasiowajua.

Waya wa kampuni

Mwaka uleule makampuni mengine nayo yalikuwa yanaunganisha milango miwili, ila kwa njia nyingine kabisa. Badala ya kumleta mgeni kwenye safari yako, walichukua safari yako na kuipeleka kwenye seva zao.

Mei 15, 2012 ilitoka Diablo III. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 3.5 ndani ya saa 24. Hata kama unataka kucheza peke yako, umejifungia chumbani, lazima uwe mtandaoni. Sababu zilikuwepo: kuzuia wizi wa gemu na udanganyifu, na kulikuwa na soko la ndani ya gemu ambako vitu viliuzwa hadi kwa pesa halisi. Siku ya kwanza seva zilielemewa. Watu waliolipia gemu yao, wanaotaka kucheza peke yao, walibaki wanatazama ujumbe wa kosa namba 37. Kosa hilo likawa utani wa dunia nzima. Mwaka uliofuata gemu hiyohiyo ilipotoka kwenye konsoli, ilichezeka bila intaneti kabisa. Na soko lile lilifungwa Machi 2014.

Machi 2013 ikaja zamu ya SimCity. Unajenga mji wako, unapanga barabara na umeme, jirani yako ana mji wake, mnauziana maji na nguvu kazi. Wazo zuri. Lakini nalo lilidai mtandao muda wote, na wiki ya kwanza likaanguka. Watu wakapanga foleni kuingia kwenye miji yao wenyewe, wengine wakaikuta imepotea. Amazon ikasitisha kwa muda kuuza toleo la kushusha. Wenye gemu walieleza kwamba seva zinafanya sehemu kubwa ya hesabu za mji, kwa hiyo kuitoa mtandaoni si kazi rahisi. Haukupita muda, mtundu mmoja akaonyesha kwamba mji unaendelea kwenda hata ukichomoa waya. Mwaka mmoja baadaye kampuni yenyewe ikatoa njia ya kucheza bila mtandao.

Kwa mtu anayenunua bando la siku na kuhesabu megabaiti, hili si jambo la nadharia. Gemu inayodai mtandao ili ucheze peke yako ni sawa na mwenye nyumba anayedai umpigie simu kila unapotaka kuingia chumbani kwako. Simu isipopatikana, unalala nje.

Hapo tofauti inaonekana. Demon's Souls na SimCity zote zilichanganya mmoja na wengi. Ya kwanza ilikuongezea watu. Ya pili ilikupunguzia umiliki.

Futa kila kitu

Mwaka 2017 NieR: Automata ilitoa mtihani mgumu kuliko zote. Ni gemu ya mtu mmoja, na ina miisho mingi. Ukifika kwenye mwisho wa kweli, majina ya watengenezaji yanaanza kupita, na unatakiwa kupigana nayo, ukiwa kimshale kidogo katikati ya mvua ya risasi. Unakufa. Unajaribu tena, unakufa. Gemu inakuuliza kama unakata tamaa. Ukiendelea kugoma, unapewa ofa ya msaada.

Ukikubali, vimshale vingine vinakuja kukuzunguka na kukukinga. Muziki nao unabadilika, sauti ya mtu mmoja inakuwa ya kwaya. Kila kimshale kinapopigwa, unaambiwa data ya mtu fulani imepotea. Majina kutoka nchi mbalimbali, watu usiowajua, wanaisha mmoja mmoja ili wewe upite.

Ukishapita, unaulizwa swali. Je, uko tayari kumsaidia mtu mwingine, popote alipo? Gharama yake ni kufutwa kwa kila ulichohifadhi. Saa zote ulizotumia, silaha zote, kila kitu. Gemu haikudanganyi: inakukumbusha kwamba huenda utakayemuokoa ni mtu usiyempenda. Bado unataka?

Wengi walibonyeza ndiyo. Kisha wakakaa wanatazama vitu vyao vikifutwa, kimoja baada ya kingine.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2019, Death Stranding ikaendeleza wazo hilo kwa upole zaidi. Wewe ni mbeba mizigo unayevuka nchi iliyovunjika. Wachezaji wengine huwaoni kabisa. Unachokiona ni ngazi iliyoachwa kwenye mwamba, daraja juu ya mto, kamba inayoning'inia mahali ambapo ungeanguka. Unaweza kumpa like aliyeiacha. Hakuna kitufe cha kumchukia.

Jamaa wa chungu kichwani

Mbegu ya Demon's Souls ikazaa Dark Souls mwaka 2011, na Februari 2022 ikazaa Elden Ring, iliyouza nakala zaidi ya milioni 25. Madoa ya damu yamo, maandishi yamo, wito wa msaada umo.

Ndani yake kuna bosi mmoja, mwanamke mwenye panga refu, ambaye kila akikugusa na panga lake anajirudishia uhai. Watu walikwama kwake kwa siku nzima. Ukiangalia chini karibu na mlango wake, unakuta alama za wachezaji walio tayari kuitwa.

Mwezi wa nne mwaka huo uvumi ukaanza kusambaa. Kuna jamaa ukimwita anatokea bila nguo zaidi ya kitambaa kiunoni, ana panga mbili mkononi na chungu kichwani. Jina alilojipa kwenye gemu lilimaanisha: niachie mimi nipambane naye peke yangu. Na kweli, anakuonyesha ukae pembeni, anaingia, anammaliza. Kisha anapotea, anakwenda kwa mwingine. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa amemshinda bosi huyo mara 1,000 kwa niaba ya wageni. Kampuni iliyoitoa gemu ikamtumia zawadi ya upanga halisi.

Yaani angalia hapo. Yuko ndani ya gemu ya mtu mwingine, amekuja kusaidia, na anachoomba ni aachiwe acheze peke yake. Milango ile miwili ya Doom iliishia kwa jamaa mwenye chungu kichwani ambaye hakuona tofauti kati yake.

Siku ya kuzima taa

Kila seva ina siku yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayotoa hukumu.

Februari 28, 2018 seva za Demon's Souls zilizimwa. Vivuli vikapotea, madoa ya damu ya wageni yakakauka. Lakini ukiwasha gemu kesho yake, ufalme ulikuwepo, ukungu ulikuwepo, mzee wa mnarani alikuwepo na mpambe wake wa kompyuta. Ulikuwa mpweke zaidi, ila ulikuwa unacheza. Mashabiki nao hawakukaa kimya: walitengeneza seva yao wenyewe, na vivuli vikarudi.

Machi 31, 2024 zilizimwa seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka Desemba 2014. Ilikuwa na hadithi ya mtu mmoja na barabara za Marekani nzima, na wachezaji wengine wakikatiza humohumo. Ilikuwa muungano kamili, huwezi kusema mmoja anaishia wapi na wengi wanaanzia wapi. Kwa hiyo zilipozimwa, vyote vilikufa pamoja. Aliyekuwa hajawahi kushindana na mtu hata siku moja, anayeendesha gari usiku peke yake akisikiliza redio, naye alipoteza barabara. Baadaye watu wakaanza kuona hata leseni ya gemu waliyoinunua imeondolewa kwenye akaunti zao.

Hasira ilikuwa kubwa. Mtengeneza video mmoja wa YouTube akaanzisha kampeni ya kudai kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya kampuni kuondoka. Ombi la raia wa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 Julai 2025. Huko California sheria iliyosainiwa Septemba 2024 inawataka wauzaji waseme wazi pale mteja anapopewa leseni tu, si umiliki.

Yule jamaa wa kilimani aliondoka akimuwaza dereva wa mwisho, asiye na mtu nyuma yake. Kila gemu inayounganisha mmoja na wengi inamtengeneza mtu huyo: mchezaji wa mwisho, siku wenzake wote wamekwenda. Kwenye Journey anatembea peke yake mpaka mlimani. Kwenye Demon's Souls anapanda mnara peke yake. Kwenye The Crew aliambiwa gari si lake.

Wewe ungebonyeza ndiyo, ufute kila ulichohifadhi kwa ajili ya mtu usiyemjua? Na ni gemu gani ilikufa na hela yako ndani? Weka maoni hapo chini.